Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tupunguzieni, msitukatishe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizipeleka masjala kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri, na huo muhuri ndio jibu pekee nililopata. Hii naiandika nikiwa na jino moja pungufu. Sababu yake utaikuta huko mbele.

Nianze na pongezi. Waraka wako wa kubana dawa za kutuliza wasiwasi umefika hadi dirisha la dawa la mwisho, na umetekelezwa kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona kwa jambo lenye manufaa kwetu. Na kubana ni sawa. Diazepam na ndugu zake si dawa za kumezwa miaka nenda rudi. Uingereza iliwaambia madaktari wake tangu 1988 kwamba wiki 2 hadi 4 zinatosha. Mimi nimechelewa kidogo kupata habari: nimezimeza miaka 11.

Sikuzinunua vichochoroni, Mheshimiwa. Niliandikiwa baada ya kumzika mume wangu, kwa wiki mbili, nipate walau usingizi. Wiki mbili zikaisha, daktari akaandika "endelea". Aliyempokea akaandika "endelea", na dozi akaipandisha. Hakuna aliyeniuliza lini nitaacha. Kalamu zile zilikuwa za serikali. Leo, dirisha lilelile, naitwa teja.

Miezi 14 iliyopita niliamua kuziacha, kwa hiari yangu, kabla ya waraka wako. Daktari mmoja mwenye subira (wapo, tusiwakose shukrani) alinieleza jambo ambalo miaka yote sikuambiwa: ubongo ukizoea kutulizwa na dawa hulegeza breki zake wenyewe. Ukiiondoa dawa ghafla, gari linateremka mlima halina breki. Ndiyo maana dozi hushushwa kwa asilimia 5 au 10, kisha unatulia hapo wiki 2, 3, hata 4, mpaka mwili ukubali, ndipo unashuka tena. Nimetoka miligramu 20 hadi 12. Kila hatua ina arosto yake: masikio yanavuma, ngozi inatambaliwa na wadudu wasioonekana, mlango ukibamizwa nusura nilie.

Na dirishani kuna kidonge cha miligramu 5 tu. Basi. Ili nipate 12 inabidi nikate. Kila usiku natandaza karatasi nyeupe mezani, nashika wembe, nazuia pumzi, nakandamiza. Kipande kimoja kinabaki, kingine kinaruka. Mwanamke wa miaka 53 anapiga magoti chini ya meza na tochi ya simu, akitafuta punje nyeupe kwenye sakafu, kisha anaipuliza vumbi na kuimeza. Hayo ndiyo matibabu yangu.

Mwezi uliopita muuza dawa alinirudishia cheti bila hata kukisoma hadi mwisho. Waraka umetoka, akasema, siku 14 ndio mwisho, na wewe zako zilishapita. Zilishapita miaka 11 iliyopita, ni kweli. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Dawa hii hutoka mwilini polepole, kwa hiyo siku tatu za kwanza nilijidanganya kwamba nimeweza. Siku ya nane nikaanguka jikoni kwa degedege. Binti yangu, kwa kuhofia nisijing'ate ulimi, akanitia kijiko mdomoni. Jino likaenda. (Nalo hilo lisifanywe: mtu wa degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni.) Wodini wakanirudishia miligramu 12 zilezile, na cheti cha siku 14.

Sijui nani alikushauri. Labda mliogopa zinauzwa mitaani, labda ni kubana matumizi, labda mtu aliona tarakimu mezani akataka zishuke kabla ya bajeti. Vyovyote iwavyo, waraka wenye kurasa sita haukupata nafasi ya sentensi moja kuhusu sisi ambao tayari tumo ndani. Marekani iliposisitiza onyo la dawa hizi mwaka 2020, ilitahadharisha papo hapo kwamba kuzikatisha ghafla kunaweza kuua.

Nilikuwa na madai matatu. Kliniki ya kuwashusha watu dozi, uliyoiahidi mwenyewe mbele ya kamera ukiwa umeshika mkasi wa utepe. Mafunzo kwa wauza dawa. Na sentensi hiyo katika waraka: asikatishwe mtu ghafla. Kliniki naona nisikusumbue nayo, utepe ulishakatwa. Mafunzo yanahitaji semina, na semina zinahitaji posho. Nabaki na sentensi, na kidonge cha miligramu 2. Kipo duniani, kinatengenezwa, ukikikata katikati unapata 1. Vidonge viwili vya 5 na nusu ya hicho ni 11, hatua yangu inayofuata, bila kutambaa chini ya meza. Kidonge cha miligramu 2, Mheshimiwa. Kidogo hicho.

Leo asubuhi nimehesabu vilivyobaki: 17. Kwa dozi yangu ni siku saba.

Wako mtiifu,
Mgonjwa wa dirisha namba 3