Barua kwa mpwa wangu aliyeandika "Injinia" kwenye bango

Mpwa wangu,

Bango lako nimeliona. Limebandikwa kwenye nguzo ya stima pale Kondele, juu ya tangazo la mganga wa mapenzi, nawe umevaa kofia ya manjano ya ujenzi ambayo sikukuona nayo hata siku ile tuliposhusha mabomba kisimani. Chini ya jina umeandika: "Injinia. Kama Baba." Wateja wangu wawili wameniuliza kama kweli wewe ni mtoto wa dada yangu. Nimekubali. Sasa nisikilize, na kwa kuwa simu zangu hushiki tangu utangaze kugombea uwakilishi wadi, naandika hapa peupe. Vijana wako wa kampeni watakusomea.

Siasa sikukatazi. Hiyo "Kama Baba", yaani kama Raila Odinga tuliyemwita Baba, ndiyo imenikwama kooni.

Raila wa mikutanoni unamjua: "Kitendawili!" na umati "Tega!", halafu siasa inatangazwa kama mpira wa redioni. Hata mimi huyo namjua. Oktoba 2025 nilifunga shedi nikaenda kupigwa jua uwanjani Mamboleo kuuaga mwili wake, na kama unakumbuka, ni wewe uliyenishika mkono tulipokuwa tunasukumwa. Lakini kuna Raila mwingine, wa kati ya 1970 na 1982, na nyinyi vijana mnamruka kama ukurasa uliogandana.

Aliondoka shule ya Maranda mwaka 1962 akiwa na miaka kumi na saba, akaenda Ujerumani Mashariki. Akakaa Leipzig kwanza kujifunza Kijerumani, ndipo akaingia Magdeburg kusomea uhandisi wa mitambo. Akarudi 1970. Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Baba yake, Jaramogi, alikuwa kizuizini wakati huo, amekamatwa baada ya fujo za hapa Kisumu mwaka 1969. Siasa ilikuwa imekaa sebuleni kwao inamngoja. Jina alikuwa nalo, uchungu alikuwa nao. Akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1971 akaanzisha kampuni, hiyo iliyokuja kuitwa East African Spectre, ya kutengeneza mitungi ya gesi.

Mitungi, mpwa wangu. Mimi mchomeleaji naijua kwa karibu kuliko hotuba. Juzi mtu aliniletea mtungi mkuukuu nimkatie awe na jiko la nyama. Mtungi wa hivyo huukati mpaka umefungua valvu, ukautoa gesi yote na kuujaza maji hadi juu, kwa sababu masalia ya gesi yakikutana na cheche za grenda, wewe na jiko mnaondoka pamoja. Nilipoukwangua rangi nikaona mshono wake. Mtungi mdogo ni bakuli mbili za chuma zilizokutanishwa mdomo kwa mdomo, na mshono mmoja unauzunguka tumboni. Mshono huo ukiwa na tundu la sindano, jikoni kwa mtu kuna msiba. Kwa hiyo kiwandani mtungi hupimwa kwa kujazwa maji, kisha presha hupandishwa kupita ile utakayobeba maisha yake yote. Wanatumia maji kwa sababu hayabanwi kama hewa: mshono ukishindwa na maji, utavuja tu, ukishindwa na hewa iliyobanwa, utalipuka. Nimeutazama mshono ule muda mrefu, mwenye mtungi akadhani natafuta sababu ya kumwongezea bei. (Nilimwongezea.)

Mwaka 1974 akaingia shirika la viwango la taifa, KEBS, likiwa ndiyo kwanza linaanzishwa, na kufikia 1978 alikuwa naibu mkurugenzi. Kazi ya viwango haina makofi. Hakuna anayebebwa juu juu kwa sababu kipimo kimetimia.

Yaliyofuata unayajua, sitayarefusha. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kizuizini miaka sita bila kesi; mama yake akafariki 1984, habari zikamfikia baada ya miezi miwili. Akafungwa tena, akafungwa tena, akakimbilia Norway. Bungeni aliingia 1992, kwa kiti cha Lang'ata, ana miaka arobaini na saba. Wewe una ishirini na tisa na tayari una wimbo wa kampeni.

Usinione namtakasa. Kura ya urais aliigombea mara tano bila kutangazwa mshindi, na kila chama kilipokwama alihamia kingine: NDP, KANU, LDP, ODM. Kuna wazee hapa Kibuye ambao salamu za 2018, alipopeana mkono wa maridhiano na Rais Uhuru Kenyatta, hawajazisamehe. Na jina la baba lilimfungulia milango ambayo wewe na mimi tungebisha hodi mpaka vidole vichubuke. Lakini alipopewa wizara ya barabara mwaka 2003, alipeleka matingatinga kwenye nyumba zilizojengwa kwenye ardhi iliyotengewa barabara Nairobi, na kelele zikawa nyingi. Hapo nilimwona fundi. Mchoro ukisema barabara inapita hapa, inapita hapa. Si ajabu jina la Tinga lilimkaa; trekta ilikuwa alama ya NDP, lakini hata bila chama lingemfaa.

Sasa tuje Seme.

Kisima cha nyumbani kwenu tulikichangia sote, hata shangazi yako aliuza mbuzi. Wewe ulichora, ukanunua pampu ya sola, ukaiteremsha, na siku ya maji kutoka ulipigwa picha nyingi, moja naiona kwenye ukurasa wako. Nilikuuliza mbele ya mama yako: kiko wapi kile kihisio cha kuzima pampu maji yakishuka? Ukasema, "Mjomba, naja nacho mwisho wa mwezi." Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi. Januari kisima kikapungua, pampu ikawa inavuta hewa mchana kutwa kwa sababu jua halijui kuzima, na mota ikaungua. Mama yako sasa anachota ziwani. Bango lako la Seme limepigiliwa kwenye mnara wa tangi.

Nimeitoa pampu. Iko hapa shedini, juu ya gunia, karibu na lile jiko la mtungi ambalo mwenyewe hajalichukua. Mota nimempata fundi wa kuisuka upya, bei nitakwambia ukifika, na nusu utalipa wewe. Jumamosi niko hadi saa kumi na moja jioni. Njoo na kihisio, mita ishirini za waya, na risiti yake. Kofia ya manjano unaweza kuja nayo pia, jua la Seme si la mchezo.

Mjomba wako,
Kibuye