Kumbe mchawi nilikuwa mimi

Rukia shosti,

Mambo vipi? Najua, miezi mitatu kimya halafu naibuka kama sijafanya kitu, lakini soma kwanza ufike mwisho ndo unitukane, ingawa matusi mengi nimeshajitukana mwenyewe. Mimi mzima, mama anakusalimia, Dula yuko vilevile na bado hajalipa. Haya, salamu zimeisha.

Kompyuta imepona! Imepona juzi saa saba na robo usiku, na hapa ninapokuandikia natumia hiyohiyo, mfumo wako uleule wa Linux, Ubuntu 24.04, mafaili yote yapo, hata ile ripoti niliyomwambia Neema imeliwa na virusi ipo palepale nilipoiacha (usimwambie). Ila siandiki kwa sababu ya furaha tu. Nina deni kwako, maana miezi yote hii nimepita nikisema Rukia kaniulia kompyuta na Linux yake, nimesema kwa Dula, nimesema kwa Neema, nimesema mpaka kwa Mama Jose, na Mama Jose unamjua, ukimwambia yeye umeshatangaza kwa spika.

Sasa nikueleze vizuri, maana maelezo niliyokupa siku ile kwenye simu yalikuwa na tundu. Unakumbuka uliniuliza, "Hukuizima katikati ya apdeti?" nikakujibu sijaizima, tena kwa ukali, nikasema mimi si mtoto. Ukanyamaza. Halafu ukasema basi katafute watu wenye nafasi wakusaidie, na uwapelekee logi, yani kumbukumbu inazojiandikia kompyuta. Mimi nikaona unanikwepa, nikanuna, nikaisukuma kompyuta uvunguni nikawa naazima ya Dula, ambayo herufi ya "a" haifanyi kazi mpaka uigonge, jaribu kuandika Kiswahili bila "a" uone.

Basi ilikuwa hivi. Alhamisi moja usiku nimechoka, nikaandika sudo apt upgrade, ile komandi ya apdeti, kama ulivyonifundisha, mistari ikawa inashuka weee, ikafika pale kwenye update-initramfs ikatulia. Dakika mbili, tatu, kimya, feni inavuma tu. Mimi nataka kulala. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kuzimia nikakandamiza mpaka taa ikafa, nikafunga, nikalala zangu. Na asubuhi ikawaka vizuri kabisa! Sasa hapo ningejuaje? Ikawa inalalamika tu kila nikitaka kuweka programu mpya, eti dpkg (ile inayoweka programu) imekatizwa, eti andika sudo dpkg --configure -a, na unajua mimi na kusoma maandishi ya kompyuta ni paka na maji. Nikaokota mahali komandi nyingine kabisa, sudo update-grub, wala sikujua ni ya nini, nikaibandika, ikamaliza kwa kuandika done, nikajiona fundi. Wiki moja baadaye nimeizima, nimeiwasha, skrini nyeusi, Kernel panic (yani kerneli, moyo wa mfumo, imekwama), na maneno VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Hata ile paswedi ya diski haikuuliza. Ndo nikakupigia.

Wiki iliyopita Dula akataka chake, nikabaki sina pa kuandikia, nikasema liwalo na liwe, nikaenda kwenye kundi la hao wadau wa Linux mtandaoni kupitia simu. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa "Linux yangu haiwaki msaada wa haraka jamani!!!" na alama za mshangao kama tisa hivi. Unacheka. Majibu yalikuja ya kila namna. Mmoja kasema futa weka upya, ndo dawa ya kila kitu. Mmoja kanipa komandi za pacman, ambazo ni za Arch, Linux ya aina nyingine, wakati nilishasema Ubuntu. Mwingine kaniandikia kitu kinaanza na sudo rm -rf, ambayo kumbe inafuta bila kuuliza, akasema kinasafisha kerneli, wenzake wakamrukia hapohapo wakamwambia aache upuuzi, na mimi ndo nikashtuka kwamba ningekuwa na pa kuibandika ningebandika, wallahi.

Halafu akaja mtu mmoja picha yake ni kobe. Simjui jina, simjui mke au mume, namwita Kobe tu. Kobe haniambii fanya hiki, anauliza. Inaandika nini hasa, neno kwa neno? Paswedi inauliza au haiulizi? Mara ya mwisho kuwaka ilikuwa lini na ulibadilisha nini kabla ya hapo? Na kila swali analimalizia na "usifanye kingine chochote". Nilivyomwambia paswedi haiulizi akasema hilo ndo la maana kuliko yote uliyosema. Kumbe ile sehemu inayouliza paswedi imo ndani ya initrd, yani kile kifurushi kerneli inachotangulizana nacho kabla haijaweza kufungua diski yenyewe (ndo hicho update-initramfs ilikuwa inakitengeneza), na kama kifurushi hakipo, kerneli inafika mlangoni haina ufunguo, inapaniki. Wewe unayajua haya. Mimi nimeyajua nikiwa na miaka yangu hii.

Akaniambia usifute kitu, washa, bonyeza Esc mara moja tu, chagua Advanced options, kisha kerneli ya zamani. Mara moja tu, alisema. Nikabonyeza kama naua mbu, nikatupwa kwenye skrini yenye neno grub> na kimstari kinapepesa, nikajua nimemaliza kazi. Kobe akasema zima, rudia, MARA MOJA. Nikarudia. Ikaja orodha, nikashuka kwenye ya pili, ikauliza paswedi. Rukia, miezi mitatu, na kompyuta ilikuwa nzima muda wote, ilikuwa inang'ang'ania kuingia na kerneli mpya isiyo na kifurushi wakati za zamani zimekaa nyuma yake zinasubiri kuchaguliwa!

Sasa ndo nifike pale panaponiuma. Kobe akauliza, kuna apdeti yoyote ilikatizwa? Nikaandika hapana. Yani vidole vyenyewe vikaandika hapana, kama nilivyokujibu wewe. Hakubishana, akasema tu nionyeshe /var/log/apt/history.log. Nikafungua, tupu. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Akasema lazima itakuwa tupu, umezima miezi mitatu, logi zimeshazungushwa ulivyowasha, fungua history.log.1.gz kwa zless. Nikafungua. Pale kila kazi ina Start-Date juu na End-Date chini, jozi jozi, naenda nashuka, jozi, jozi, mpaka ile Alhamisi: Start-Date saa 23:41:08, chini yake apt upgrade, chini yake orodha ndefu ya linux-image na wenzake, halafu basi. Hakuna End-Date. Faili limeishia hapo kama mtu kakatwa kauli.

Nikakaa naangalia. Nakwambia ukweli, niliwaza kuifuta ile sehemu ya mwisho kabla ya kutuma. Nikasema nani atajua. Halafu nikatuma yote. Na yule mtu, badala ya kunisuta, akaandika, "Umeme ulikatika?" Kanipa mlango wa kutokea, umeona? Ningesema ndiyo yakaisha. Nikajibu hapana, nilizima mimi kwa kitufe. Akasema "Sawa. Nipe df -h /boot." Basi! Hakuna hotuba, hakuna kunicheka. Na mimi hicho kitu kidogo nimeshindwa kukwambia wewe unayenijua tangu tunakojoa kitandani.

Ila shosti, sasa inakuja zamu yako. Hiyo df ikaonyesha /boot, kile chumba cha diski zinamokaa kerneli na vifurushi vyake, imejaa asilimia 98. Nani aliigawa nusu giga? Si mimi! Initrd moja kwangu ni megabaiti 70 na kitu, ukijumlisha na kerneli yenyewe, zikifika nne tano pamejaa. Kobe kasema hata nisingezima ile apdeti ingegoma kwa kukosa nafasi, tofauti ni kwamba ingeniambia inagomea nini, badala yake nimeiziba mdomo. Na ile update-grub niliyobandika ndo ikaipandisha ile kerneli mpya juu ya orodha bila kujali haina initrd, kwa hiyo msiba niliuandaa kwa awamu mbili. Halafu kosa jingine langu tena, zile apdeti za kujiendesha zenyewe nilizizima kwa sababu zilikuwa zinakula bando, kumbe ndo zilikuwa pia zinaondoa kerneli kuukuu. Sijui kama ulishawahi kuniambia. Nahisi ulishaniambia.

Kutibu kwenyewe kukawa kama saa moja hivi. uname -r kwanza, inayotaja kerneli ninayotumia, ili nisije nikakata tawi nililokalia, halafu kuondoa zilizozeeka mbili. apt ikakataa kugusa kitu mpaka dpkg itengemae, dpkg haitengemai bila nafasi, unaona mchezo huo. Ikabidi niondoe kwa dpkg --purge moja kwa moja, nayo ikagoma, ikasema linux-modules-extra bado anamtegemea huyo, mpaka nikawataja wote wawili kwa pamoja ndo ikakubali. Kisha ile komandi niliyokuwa napewa bure tangu siku ya kwanza, sudo dpkg --configure -a. Ikafika update-initramfs: Generating, ikatulia vilevile kama ile Alhamisi. Nikakaa juu ya mikono yangu. Kweli kabisa, nimekalia mikono, mama akapita akauliza kuna nini nikasema niache. Ikachukua dakika nne, ikaendelea. Nikaangalia ls -lh /boot, kifurushi kipo. Nikawasha upya bila kubonyeza chochote, ikauliza paswedi.

Kobe nikamwandikia shukrani ndefu, akanijibu kidole gumba tu. Na jana kuna mtu kaja na unknown-block yake na alama zake za mshangao, nikamuuliza paswedi inauliza au haiulizi, hahaha, nikajisikia mtu mzima. Mmoja mule akatukumbusha hata Linus mwenyewe, aliyeianzisha Linux, tarehe 25 Agosti 1991 alianza kwa kuwauliza watu wa Minix, mfumo mwingine, wanapenda nini na hawapendi nini, akasema hiki ni hobi tu. Naona nami nimeanza kwa kuuliza, ila yeye hakuanza kwa kudanganya.

Kwa Mama Jose nimeshapita. Nimemwambia kompyuta niliiua mwenyewe, akasikitika, naona ile habari ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Sijui lini ataisambaza hii ya pili.

Sasa nina shida nyingine, na hii sitaki kumpelekea mtu asiyeniona uso. Nataka /boot ipanuliwe iwe angalau giga moja, na nimesoma (ndiyo, nimesoma) kwamba kwa diski iliyofungwa kwa paswedi ya LUKS kama yangu lazima niwashe kwa flashi, nipunguze ile ext4 yanamokaa mafaili ikiwa haijapachikwa (mount), kisha LVM inayoibeba, kisha LUKS, kisha ndo nisogeze mpaka wa patisheni. Nikikosea hatua moja ripoti ya Neema italiwa kweli safari hii. Kobe anasema badala yake nibadilishe MODULES iwe dep ndani ya initramfs.conf, kifurushi kinapungua, ila nikihamishia diski kwenye mashine nyingine inaweza isiwake. Wewe unaonaje, nipunguze kifurushi au nipanue chumba? Au nifute tu niweke upya kwa adabu, na safari hii chumba nigawe mimi? Ile diski yako ya nje bado ina nafasi, nikope nihifadhi kwanza mafaili yangu? Timeshift, ile programu ya kuhifadhi nakala za mfumo, inatosha au ni kweli haigusi folda ya nyumbani usipoiambia? Utapata lini usiku mmoja ukae na mimi hata kwa simu, wewe unasoma mimi naandika, na nakuahidi kila kitu nitakachokigusa nitakwambia?

Halafu nijibu hili moja kwa moja bila kuzunguka. Siku ile uliponyamaza kwenye simu, ulikuwa umeshajua kuwa nimezima?

Wako,
Mwanaidi

Nimesahau: Dula kaniuliza kama hiyo Linux inaweza kumrudishia "a" yake. Nimemwambia akuulize wewe.