Msituogopeshe na hewa, muongee juu ya samaki

Bwana mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya joto ya bahari na nashukuru sana, juu magazeti yetu mingi inaongea politike na vita tu. Lakini pale mnasema planktoni, vile viumbe vidogo sana vinaelea majini, ikikufa sisi wote tutakosa oksijeni ya kupumua, hapana, hapo mmeogopesha watu bure na shida yenyewe mkaipita.

Ni kweli planktoni ya aina ya vimea, vyenye huwezi kuona bila mikroskopu, vinatengeneza karibu nusu ya oksijeni yote mimea inatoa duniani. Lakini karibu yote inaishia mulemule baharini, samaki na bakteria ndio wanaitumia. Hii hewa tunapumua, yenye oksijeni 21%, ilijikusanya kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, haiwezi kuisha kesho wala kesho kutwa.

Wenye watakosa pumzi ni samaki. Maji ikipata joto haishiki tena oksijeni vizuri, sawa vile soda ya moto inaachia gesi, na bahari imemeza zaidi ya 90% ya joto yenye tumeongeza duniani, njo maana tangu 1960 imeshapoteza kama 2% ya oksijeni yake. Halafu maji ya juu ikipata moto inakuwa nyepesi, inabaki juu ya ile ya baridi bila kuchanganyika, na mbolea ya planktoni iko kule chini, basi juu kuna jua lakini chakula hakuna, chini chakula iko lakini jua haifiki.

Na msifikiri ni mambo ya watu wa Moanda, kule pwani ya bahari, tu! Mwaka 2003 watafiti walionyesha katika jarida Nature kwamba joto, pamoja na upepo kupungua, ilishusha uzalishaji wa planktoni ya ziwa Tanganyika kwa kama 20%, wakakadiria samaki nao walipungua kama 30%. Hii ni Uvira, ni Kalemie, miji yetu ya kando ya ziwa hilo, ni ndagala yenye watoto wetu wanakula.

Na ziwa Kivu yetu je? Ziwa linashuka mpaka mita 485 lakini oksijeni haipiti kama mita 70 za juu, chini yake maji imejaa metani na gesi kaboni. Sambaza zote, hizi samaki ndogo zenye zilitolewa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, zinaishi katika kile kipande cha juu na zinakula planktoni. Kila mwaka upepo wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, unapoza maji ya juu na kuyakoroga, mbolea inapanda, planktoni inazaa, sambaza inapata chakula. Upepo ukilegea ao maji ikizidi kuwa moto, hiyo kazi yote inakwama.

Kwa hiyo naomba, mhariri, mtume mwandishi ISP, chuo cha ualimu hapa Bukavu, na kwenye Centre de Recherche en Hydrobiologie, kituo cha utafiti wa viumbe vya majini kule Uvira, kuko watu wamepima planktoni miaka na miaka na hakuna mwenye anawauliza. Akimaliza apite soko ya Kadutu kwa bamama wenye wanauza sambaza, asiwaulize bei peke yake, awaulize pia kama ukubwa wa samaki umebadilika tangu waanze kuuza.

Msomaji wenu, Bukavu