Hewa ya Kisumu ipimwe Kisumu

Mhariri,

Anayefungua simu asubuhi kutazama kama mvua itanyesha hukutana pia na nambari ya ubora wa hewa: Kisumu 58, rangi ya njano. Nambari hiyo tunaisikia ikinukuliwa hata vikaoni, kana kwamba kuna mtu aliyeipima. Tunawaomba wasomaji wako, na hasa wawakilishi wadi, wasiijengee sera.

Nambari nyingi za aina hiyo hukokotolewa kwa data ya setilaiti na modeli za kompyuta. Modeli ya dunia ya Copernicus, mpango wa Ulaya, huigawa dunia katika miraba ya takriban kilomita 40 kila upande. Mraba mmoja wa ukubwa huo unaweza kuumeza mji mzima pamoja na sehemu ya ziwa, uwanda wa Kano na miinuko ya Nandi, kisha ukatoa wastani mmoja. Moshi wa mtaa wa Obunga na upepo wa ufuo wa Dunga huchanganywa vikawa kitu kimoja. Tena nambari yenyewe ni faharasa, yaani alama kwenye ngazi ya viwango, si mikrogramu. Kwa faharasa inayotumika Marekani, 100 ni mikrogramu 35.4 za PM2.5 katika mita moja ya ujazo; PM2.5 ni zile chembe zisizozidi kipenyo cha mikroni 2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 unasema mikrogramu hizo zisizidi 15 kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Kwa hiyo simu inaweza kukuonyesha njano, yaani hali ya kadiri, siku ambayo hewa imeupita mwongozo huo mara mbili.

Kinachofaa ni kupima hapa hapa, na kupima vizuri. Vihisi vidogo vya leza siku hizi hupatikana kwa makumi ya maelfu ya shilingi, ilhali mtambo wa marejeo, ule sahihi ambao vifaa vingine hulinganishwa nao, hugharimu mamilioni. Ndani ya kihisi mna feni ndogo inayovuta hewa, mwale wa leza, na kijicho kinachonasa mwanga unaotawanywa na chembe zinapopita. Uzito wa chembe hakiupimi, kinaukisia tu, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 80, kama alfajiri za masika kando ya ziwa, chembe hunywa maji na kuvimba, zikatawanya mwanga zaidi, na kihisi kikasoma moshi mwingi kuliko uliopo. Kiangazi mambo hugeuka: vumbi la barabara za murram lina chembe kubwa ambazo kihisi hakizioni vizuri, kwa hiyo husoma pungufu. Kifaa kilekile huzidisha Aprili na kupunguza Februari.

Ndiyo maana kihisi hakipaswi kutoka kwenye boksi moja kwa moja hadi ukutani. Vyote viwekwe kwanza bega kwa bega na mtambo wa marejeo kwa wiki mbili angalau (mwezi ni bora), mara moja kiangazi na mara nyingine wakati wa mvua, huku joto na unyevu vikirekodiwa. Kutokana na hapo hukokotolewa mlinganyo wa kusahihisha. Mlinganyo wa Nairobi usiletwe Kisumu, sembuse wa California. Unyevu, moshi na vumbi vyetu ni tofauti. Tungependa kila kituo kiwe na vihisi viwili ndani ya kasha moja, ili vikianza kutofautiana ijulikane mara moja kwamba kimoja kimechafuka au leza yake imechoka.

Mahali pa kukiweka pana uzito uleule. Kimo kiwe kati ya mita 1.5 na 4, hewa ipite bila kuzuiwa na ukuta wala mti. Kosa tunaloliona sana ni kukitundika kwenye paa la shule, hatua chache kutoka jiko la kuni la shule hiyo. Kitakachopimwa hapo ni githeri ya wanafunzi, si hewa ya mtaa. Buibui hujenga ndani ya mdomo wa kuvutia hewa, na wadudu wa ziwani wakija kwa makundi huuziba. Wavu husaidia, lakini ukiwa mwembamba mno huinyima feni pumzi, kwa hiyo pawe na mtu wa kukagua na kusafisha kila mwezi, na kazi hiyo iwe na bajeti. Stima ikikatika, data hukatika. Siku isihesabiwe ikiwa na chini ya saa 18 za vipimo kati ya 24.

Saa za kupima ndizo zinazowapotosha maafisa kuliko jambo lingine lolote. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, na hewa hupanda na kuchanganyika. Jua likitua upepo hulegea, kisha hugeuka kuelekea ziwani, na hewa iliyo karibu na ardhi hutulia. Ni wakati huohuo ambapo jiko za makaa huwashwa, mafuta ya kukaangia mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu) hupata moto, taka zisizozolewa huchomwa nyuma ya nyumba, na matatu na bodaboda hujazana Kondele. Moshi hukosa pa kwenda. Afisa anayefika na kifaa cha mkononi saa sita mchana, akapima dakika kumi na kuandika kwamba hewa ni safi, amesema kweli kuhusu hizo dakika kumi tu. Vipimo vya kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, na tena alfajiri, ndivyo vitakavyoonyesha wakazi wanavuta nini.

Hata hivyo kihisi kitasema ni kiasi gani, hakitasema ni cha nani. Kwa hilo kunahitajika chujio la kunasa chembe. Pampu huvuta lita 16.7 kwa dakika kwa saa 24, ambazo ni kama mita 24 za ujazo, na chujio hupimwa kabla na baada kwenye mizani ya maabara inayosoma hadi mikrogramu. Hewa yenye mikrogramu 30 itaacha miligramu 0.72 pekee, kwa hiyo alama ya kidole au unyevu wa chumba vyatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Chujio hilo likichambuliwa, kemikali iitwayo levoglukosani huashiria kuni na mimea iliyoungua, na silikoni na aluminiamu huashiria vumbi la udongo. Bila uchambuzi huo, lawama itamwangukia aliye karibu na asiye na wakili, na tunahofia sana atakuwa yule mama wa Obunga mwenye karai la kukaangia samaki, wakati huenda anachohitaji ni jiko lenye dohani.

Uhusiano wa hewa na afya nao usihitimishwe kwa haraka. Mvua ikinyesha, watu huingiza jiko ndani na nimonia huongezeka, lakini malaria na mafua huongezeka pia. Kulinganisha jumla za mwezi za zahanati na wastani wa hewa wa mwezi hakutatenganisha chanzo na sadfa. Utafiti wa miji sita ya Marekani uliochapishwa 1993 ulikuwa na nguvu kwa sababu ulifuata watu wazima 8,111 kwa miaka 14 hadi 16, ukijua ni nani anavuta sigara na nani hufanya kazi gani. Vifo katika mji mchafu zaidi vilizidi vya mji safi zaidi kwa asilimia 26, na mwaka 1997 Marekani ikaweka viwango vyake vya kwanza vya PM2.5. Sisi hatuanzi na mikono mitupu: KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, imekuwa ikifuatilia kaya za Karemo kule Siaya na za Manyatta humu jijini. Vituo vya kwanza viwekwe huko.

Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema jukumu ni la Nairobi. Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne la Katiba inaikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Tunachoomba kwa Bunge la Kaunti ni sheria fupi yenye mambo matatu: vipimo vya kila saa vichapishwe vikiwa vimesahihishwa, pamoja na mlinganyo uliotumika; wastani wa saa 24 ukipita kiwango kitakachokubaliwa siku tatu mfululizo katika wadi, uzoaji taka wa wadi hiyo uongezwe na uchomaji ukaguliwe jioni; na fedha za matengenezo ziandikwe katika bajeti ya kila mwaka, si katika mradi wa mfadhili.

Wakati sheria hiyo inasubiriwa, mkazi yeyote aliye raia anaweza kuiandikia kaunti leo, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, akiuliza ni vihisi vingapi viko katika wadi yake, viliwahi kulinganishwa na mtambo gani, na data iko wapi. Kaunti ina siku 21 za kumjibu.

Watafiti wa ubora wa hewa,
Kisumu