YAH: MALALAMIKO KUHUSU RISASI ZISIZOLINGANA NA MAANDISHI YA KASHA, NA USHAURI WA HATARI TULIOPEWA

Kwa Meneja wa Mauzo,

Assalamu alaykum.

Nakuandikia kwa niaba ya wasasi wa shehia yetu, Kusini Unguja. Sote tuna vibali vya polisi, na kazi yetu kubwa ni kuwasukuma nguruwe mwitu wanaokula mihogo, viazi na majimbi kwenye makonde ya watu. Nguruwe hatuli. Tunamsaka kwa sababu mwenye konde akiamka akakuta matuta yamefukuliwa, chakula cha nyumba yake kimekwenda.

Kwa wakala wenu wa Mjini tulinunua makasha ya risasi za bunduki namba 12. Nje kila kasha limeandikwa SSG, yaani goroli kubwa, lakini ndani mna marisau madogo. Ganda la plastiki linapitisha mwanga, ukilielekeza juani punje unaziona, na zile tulizozitoa kwenye mzoga ni za kiasi cha namba 5. Tofauti hii si ndogo. Kwa vipimo vya Kiingereza, SSG ni goroli ya karibu milimita 6.8, na wakia moja, yaani gramu 28, huwa na goroli 15 hivi. Namba 5 ni milimita 2.8, na wakia hiyohiyo hubeba punje 220 hivi. Goroli moja ya SSG inakaribia gramu 2. Punje ya namba 5 haifiki hata sehemu ya kumi ya uzito huo. Punje hizo ni za ndege.

Huenda huko ofisini mkadhani kwamba kwa karibu zote zinaua. Njooni muuone msitu wetu wa maweni. Vichaka vimefungana, jiwe lina ncha, na mnyama unamwona akiwa hatua kumi na tano au chini ya hapo, anakimbia mbele ya mbwa. Nafasi ya kupiga mara ya pili ni nadra. Punje ndogo huishia kwenye ngozi nene na mafuta ya bega, hazifiki kwenye moyo wala mapafu. Nguruwe aliyepigwa hivyo hafi papo hapo. Hugeuka. Kijana wetu mmoja wa kusukuma alichanwa paja na meno ya mnyama aliyekwisha kupigwa vizuri kabisa, mahali panapostahiki, kwa risasi yenu. Yupo nyumbani anauguza jeraha, na kwa sasa hawezi kufanya kazi.

Kuna la paa nunga pia, na hili linatuuma. Mnyama huyu hapa visiwani yupo Unguja, na nje ya hapa anajulikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Analindwa, nasi tumekubaliana kutomgusa. Hulala kwenye vichaka vilevile tunamosukumia nguruwe. Punje mia mbili zikitawanyika humo, asiyekusudiwa naye hujeruhiwa, akenda kufia mbali bila mtu kujua.

Lakini kilichonifanya niandike barua badala ya kupiga simu tena ni jawabu la wakala wenu. Alituambia tukate mdomo wa ganda, tumwage punje, tutie goroli wenyewe, "na baruti ongezeni kidogo". Maneno haya yanaweza kumuua mtu.

Baruti iliyomo kwenye ganda imepimwa kwa uzito wa marisau yale, kwa kizibo kile kinachotenga baruti na marisau, na kwa fataki ile inayoiwasha. Ukizidisha uzito wa marisau, au ukaongeza baruti, shinikizo ndani ya mtutu hupanda kwa kiwango ambacho jicho haliwezi kukijua. Na ganda lililokatwa halifungiki tena kama lilivyofungwa kiwandani. Likilegea, baruti haiungui sawasawa, kizibo kinaweza kubaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua mbele ya uso wa mpigaji. Wazee wetu walishindilia magobori kwa kukadiria, lakini ile ilikuwa baruti nyeusi. Hii isiyotoa moshi ina nguvu nyingine kabisa.

Wapo wanaojitengenezea risasi, nakubali. Ndugu wa mwenzetu anaishi Marekani na huwinda kulungu msituni, kwa karibu, kwa raifeli ya kipimo cha .30-30. Huchagua kichwa kizito chenye ncha laini ya risasi, grain 170, karibu gramu 11, kwa sababu kwa mwendo wa wastani hufunguka vyema na kupenya. Lakini ana mashine ya kushindilia, ana mizani inayopima sehemu ya kumi ya grain, na ana kitabu cha vipimo vya baruti anachokifuata mstari kwa mstari, akianzia kiwango cha chini. Hakati risasi ya dukani kwa kisu. Na sisi kibali chetu ni cha kumiliki bunduki na kununua risasi, hakituruhusu kuzitengeneza.

Basi tunataka makasha yote yachukuliwe kwa gharama zenu, tupewe SSG za kweli au turejeshewe fedha zetu. Tunataka muwaarifu wengine waliouziwa shehena hiyo, kwani sisi tumebahatika kugundua mapema kuliko wengine pengine. Gharama za matibabu ya kijana wetu tutazileta kwa risiti. Na ule ushauri wa kukata maganda ufutwe kwa maandishi yenye saini yako, tuubandike pale wasasi wanapokutana, maana umekwisha kuenea na vijana wanaujaribu.

Tunasubiri jawabu ndani ya siku 14. Makasha yaliyobaki tumeyafungia, na sampuli moja tutaikabidhi polisi wanaohusika na vibali vya silaha.

Wako,
Katibu wa wasasi

Nakala: Sheha wa Shehia