Kabla Hujatoboa Sakafu

Rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako imenifikia, na picha nimezitazama moja moja. Vani unayoigeuza kuwa gari la kulala imependeza. Kabati limekaa sawa, jiko limepata mahali pake, na kile kiti cha nyuma kinachokunjuka kuwa kitanda ni kazi ya mtu mwenye mikono. Umeniuliza mikanda ya usalama ya kiti hicho cha nyuma uifunge wapi na ununue ya aina gani. Nitakujibu, ila niwie radhi nianzie sakafuni, maana mkanda wenyewe ndio wa mwisho katika kazi hii.

Chukua mtu wa kilo 75 aliyeketi nyuma. Gari liko kilomita 50 kwa saa, linagonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita. Ukipiga hesabu, mwili wake unakwenda mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake, yaani tani moja na nusu. Huo ni mwendo wa mjini tu. Mzigo huo unabebwa na utepe, utepe unaukabidhi kwa kifungio, kifungio kwa bolti, bolti kwa fremu ya kiti au bati la bodi. Pakiachia mahali pamoja tu kati ya hapo, mtu hana mkanda. Ndiyo sababu kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 14, ambayo kazi yake ni kupima pale mkanda unapofungwa. Kwa gari dogo la abiria wapimaji wanavuta kwa nguvu ya niutoni 13,500 (karibu uzito wa tani 1.4) upande wa begani na nyingine 13,500 upande wa nyonga, kwa wakati mmoja. Mkanda ukiwa umefungwa kwenye kiti chenyewe, wanaongeza uzito wa kiti mara 20. Na kiti kikiwa cha watu watatu, mikanda yote mitatu inavutwa kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye picha zako. Kiti chako ni fremu ya mbao na plaiwudi, kimepigwa skrubu kwenye sakafu ya plaiwudi, nayo plaiwudi imebandikwa juu ya bati. Kwa kulalia hakina kasoro. Kwa kufungia mkanda hakifai, nakwambia bila kuzunguka. Skrubu zitang'oka na mbao zitapasuka. Na usiseme basi mkanda nitaufunga kwenye bodi, kiti kibaki hivyo hivyo. Kiti kikivunjika chini ya mtu, makalio yanazama na kuteleza mbele, mkanda unapanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga hadi tumboni, na hapo unaanza kukaba utumbo na ini. Mfupa wa nyonga unaweza kubeba mzigo ule. Tumbo haliwezi.

Ushauri wangu ni ununue kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya magari ya kulala, chenye fremu ya chuma na mikanda yake, kilichokwisha kuvutwa kwenye jaribio na chenye hati. Muulize muuzaji waziwazi kama jaribio lilifanywa kikiwa kimefungwa ndani ya vani ya aina yako au kwenye meza ya chuma ya karakana. Kiti kinaweza kufaulu juu ya meza ya chuma, kisha kikang'oka na kipande cha sakafu yako. Najua ni gharama, na najua kile cha mbao kimekutoa jasho. Mbao zake hazitapotea, zitatoka makabati. Kuna watu huchomelea fremu yao wenyewe. Mimi nina mashine ya kuchomelea na bado singefanya hivyo kwa kiti cha watu bila mhandisi wa kukipima, kwa sababu mchomeleo unaweza kung'aa juu na ndani usiwe umeshika.

Kabla ya kutoboa popote, inua zulia na plaiwudi utafute matundu ya kiwandani. Vani nyingi za mizigo zina ndugu zake za abiria zilizotoka kiwanda kimoja, na wakati mwingine matundu yenye nati zilizochomelewa yapo tayari sakafuni na kwenye nguzo za pembeni, yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki. Ukiyapata, hapo ndipo pa kufungia. Bolti zake zina uzi wa peke yake: inchi 7/16, nyuzi 20 kwa inchi, unene wa kama milimita 11. Usilazimishe bolti ya milimita 12 wala usiridhike na ya 10 inayocheza. Nunua bolti za mikanda zenyewe, za chuma kigumu, zenye shingo laini isiyo na uzi chini ya kichwa. Shingo hiyo inakiacha kile kipande cha mwisho cha mkanda kijizungushe kufuata upande wa mvuto hata bolti ikiwa imekazwa mpaka mwisho.

Pasipo na tundu la kiwandani, bamba ni lazima. Bati la sakafu ya vani ni la milimita moja hivi, na washa ya kawaida ikivutwa kwa mzigo ule itachomoka kama kifungo kwenye tundu la shati. Chini ya bati weka bamba la chuma la unene usiopungua milimita 3, pana kama kiganja, pembe zake umezizungusha kwa tupa ili zisije zikalikata bati. Bora zaidi bamba lilalie mahali ambapo kuna mhimili wa chesi. Lala chini ya gari kwanza uone tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya zinapita wapi, ndipo ushike keekee. Tundu likishatoka, lisugue na ulipake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Mikanda yenyewe nunua mipya, ya kushika begani na nyongani. Mhandisi Nils Bohlin aliibuni mikanda ya aina hiyo akiwa kampuni ya magari ya Volvo mwaka 1959, na mpaka leo hakuna aliyepata kitu bora kwa mtu mzima. Mkanda wa tumboni peke yake unamkunja mtu kiunoni kama kisu cha kukunja, kwa hiyo hata yule wa katikati mtafutie wa begani. Ya kwenye magari yaliyogongwa usiiguse. Utepe uliokwisha kubeba ajali umeshavutika, hata kama kwa macho uko safi.

Kuna jambo wengi hawalijui kuhusu kile kisanduku kinachokunja mkanda. Ndani yake kuna kigololi au kibembea kinachohisi gari linapoinama au kufunga breki. Kishike mkononi kikiwa wima, uvute utepe taratibu: unatoka. Kiinamishe polepole huku unavuta, utafika mahali utasikia "ta", umekwama. Kanuni ya mikanda, namba 16, inataka kisikwame kikiinama nyuzi (digrii) 12 au chini ya hapo, na kiwe kimekwama kikizidi 27. Kwa hiyo kila kisanduku kinatengenezwa kwa ajili ya pembe fulani. Ukikifunga kimelala kwa sababu tu hapo ndipo penye nafasi nyuma ya godoro, ama hakitatoa mkanda kabisa, ama hakitahisi gari linapogonga. Angalia pembe iliyoandikwa kwenye karatasi yake, na ukifunge imara kisitikisike.

Tundu la juu la mkanda liwe usawa wa bega au juu yake kidogo, nyuma ya mtu. Likiwa chini ya bega, mkanda unapita juu ya bega na kushuka, na gari likigonga unaubana uti wa mgongo kuelekea chini. Kipande cha nyonga kishuke kwa mteremko mkali kuelekea sakafuni. Kikilala sana, mtu anateleza chini yake. Utepe usipite kwenye ukingo wa kabati wala wa bati.

Lile benchi la ubavuni liwe la kunywea chai gari likiwa limeegeshwa. Mtu aliyekaa ubavu, mkanda humshika nyonga tu, kiwiliwili na shingo vinarushwa pembeni. Usilifunge mkanda kabisa, asije mtu akadhani linafaa.

Nimefika kwenye lililoninyima raha. Umeandika kwamba safari ndefu watoto watalala kitandani nyuma. Hapana, Hamisi. Mtoto wa kilo 20 aliyelala bila mkanda, katika mgongano ule ule wa kilomita 50, anaruka na uzito wa kilo 400 hivi. Hakuna mkono wa mama unaoweza kumdaka. Walale wameketi, wamefungwa. Mdogo awe na kiti chake cha mtoto. Mkubwa, anayekalia kile kiti cha kumwinua, anahitaji mkanda wa begani, wa tumboni tu hautoshi. Na ule mtungi wa gesi nyuma ya vichwa vyao ufungwe kwa ukanda wa chuma sakafuni, kwa hesabu ile ile ya mara 20.

Bima na mamlaka ya magari waulize kabla ya kununua chochote, wengine wanataka kukagua kazi ikiwa bado wazi.

Nitumie picha za chini ya gari, upande wa tangi na upande wa pili, pamoja na aina na mwaka wa vani. Nitazitazama usiku huo huo nikuandikie matundu yako wapi.

Ndugu yako,
Idi