Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: mtoto karuhusiwa, mzazi je?

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo. Huku kwetu mzazi akiambiwa zahanati kwamba mtoto ana malaria, hukunja uso. Sisi ambao watoto wetu wametibiwa saratani tunashusha pumzi. Si kwamba malaria ni mchezo, ila dawa yake ni ya siku tatu. Tunachoogopa ni kile kingine, saratani kurudi, na tunakiogopa kila mtoto akisema kichwa kinauma au akikataa ugali.

Wodini, iwe Muhimbili au Bugando, una wenzako. Yupo wa kukuangalizia mtoto ukaoge, na wote wanajua maana ya damu kushuka. Tiba ya saratani ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu, na muda wote huo kuna mtu wa kukuelekeza. Kisha unaambiwa nenda nyumbani, utarudi kliniki. Unashuka Kigoma, majirani wanakuletea migebuka na pongezi (wana wema wao, siwalaumu), na tangu hapo huna ruhusa ya kulia. Ukilia unaambiwa unakufuru, kwani mtoto si amepona?

Hapo ndipo wengi tunapoanguka. Mama kila akimwogesha mtoto anampapasa shingo na tumbo akitafuta uvimbe. Baba anahamia ziwani, harudi ila kuleta pesa. Wale wadogo walioachwa kwa bibi wamekuwa wageni kwa mama yao.

Daktari, siombi jengo. Naomba afisa ustawi wa jamii mmoja pale hospitali ya mkoa, Maweni, akabidhiwe orodha ya wazazi waliorudi. Atupigie simu juma la kwanza, na tena juma la kwenda kupima, maana siku hizo hatulali. Atueleze dalili ipi ni ya kukimbilia hospitali na ipi ni ya kusubiri hadi asubuhi. Hilo peke yake lingetupunguzia hofu nyingi. Wa Kasulu na Kibondo wakutanishwe huko huko, nauli ya kuja mjini si ndogo. Na akina baba waitwe kwa majina yao. Mkiandika "wazazi" watakuja akina mama tu.

Wapo pia waliorudi bila mtoto. Nao watafutwe, ila wasiketishwe kikao kimoja na sisi.

Mzazi,
Ujiji